Vidole vya Darasa la Mwisho

"Mtoto wangu si mjakazi wa ng'ombe wako, shemeji! Nimesema, na nitarudia hata ukijifanya unatazama mawingu."

"Natazama mawingu kwa sababu yana adabu kukushinda," Bramwel akajibu kutoka upande wake wa ua. "Mawingu hayaji kwa mtu kabla hajanywa uji."

"Uji utaunywa ukishaniambia unawapondesha watoto wetu nini. Navalayo! Kuja hapa. Onyesha baba yako mdogo hivyo vidole."

Navalayo akasogea shingo upande, daftari kwapani, akainua mikono nusu. Vidole vilikuwa vyeusi kuanzia kwenye kucha hadi fundo la kwanza, weusi wa kikahawia uliokataa sabuni, ukakataa majivu, ukakataa hata limau. Bramwel akavitupia jicho moja, akarudi kwenye mawingu yake.

"Mtoto ana vidole," akasema. "Nimeona. Asante."

Kufikia hapo ua ulikuwa umeota vichwa. Mwanasha, muuza leso aliyeolewa hapo kutoka Mumias, alikuwa ameshafika na mswaki mdomoni. Nyuma yake wengine walisimama na ndoo zao kana kwamba mto umehamia kwa Mideva, mama yake Navalayo.

"Mjibu, baba," mtu akasema. "Kila mtu anajua lakini mjibu."

"Mwenye fahali hajibu maswali ya jikoni," Bramwel akasema, akageuka kwenda zake. Na alipogeuka Mideva aliona kitu kilichomchoma kuliko maneno yote: alitabasamu. Kidogo tu, pembeni ya mdomo, kama mtu aliyesifiwa. Mideva akajiambia, mtu asiye na hatia hatabasamu hivyo.

Huku Shinyalu mwenye fahali wa kupiganisha haulizwi anamlisha nini. Atampa majani aliyoonyeshwa na babu yake, atamnywesha pombe, atamwimbia sifa sikioni, na yote atayafanya kabla jua halijachomoza. Atakayeyaona hufunga mdomo mpaka siku ya uwanja, maana kuyataja ni kuyamwaga. Bramwel alikuwa na fahali mweusi mwenye pembe za kutisha aliyemwita Disii, kama wazungu wakuu wa wilaya wa zamani. Tangu Uhuru, alisema, hata mtu maskini anaweza kuwa na Disii wake. Siku ya pambano ilikuwa imekaribia. Basi watoto wa darasa la mwisho walipoanza kuondoka nyumbani gizagiza, wakarudi na vidole vyeusi na midomo iliyofungwa, nani alihitaji kuelezwa? Walikuwa wanamtwangia Disii dawa. Darasa zima. Ndivyo soko lilivyosema, na soko la Shinyalu likisema limesema.

Mideva hakuwa na ugomvi na fahali. Marehemu mumewe, binamu yake Bramwel, alikuwa akilala uwanjani siku za pambano. Ugomvi wake ulikuwa usingizi. Wiki iliyopita Mwalimu Phineas, mwalimu mkuu, alimwita shuleni akamwambia kwa sauti ya upole kwamba Navalayo anasinzia darasani, kichwa kinaanguka kama embe bovu, na kwamba wanaosinzia hatapeleka majina yao Kakamega kwa ajili ya mtihani. Shule changa haiwezi kuaibishwa na wasinziaji.

Mtihani ndio uliokuwa mlango. Bila mtihani hakuna sekondari, na bila sekondari kulikuwa na mzee mmoja wa Likuyani, aliyefiwa na mke, mwenye mahindi mengi na meno machache, ambaye tayari alikuwa ametuma watu kuulizia habari za binti wa Mideva. Wakwe zake waliwakaribisha hao watu kwa chai. Mideva aliwaangalia wakinywa, akahesabu masharubu yao, akasema moyoni: mtihani, mwanangu, mtihani.

"Mwenyekiti wa kamati ya wazazi!" alimlalamikia Mwanasha siku hiyo sokoni, akiwafukuza nzi kwenye omena, visamaki vyake vya kuuza. "Ndiye anayepaswa kumtetea mtoto wangu kwa mwalimu, na ndiye anayemnyima usingizi. Tumejenga shule ya nini basi? Mimi nilibeba maji ya udongo wa zile kuta mpaka utosi ukalainika."

"Sote tulibeba," Mwanasha akasema. "Sulemani wangu naye jana amelala akila. Kijiko kimo mdomoni, jicho limefungwa. Namuuliza, mwanangu, unatoka wapi? Ananiambia, mama, usiniulize. Wallahi, nikaogopa kuuliza tena."

"Navalayo hivyo hivyo. Usiniulize."

"Na mwalimu je? Mwalimu hajui watoto wake wanachukuliwa alfajiri?"

"Mwalimu?" Mideva akacheka. "Mwalimu anavaa tai, Mama Sulemani."

Na hilo likamaliza habari ya mwalimu. Mtu wa tai asubuhi na jioni, mtu wa kusema "tafadhali" hata kwa mbuzi, angejuaje mambo ya zizi?

Mideva alikuwa kwenye kamati, mwanamke peke yake kati ya wanaume. Hawakumchagua kwa kisomo. Walimchagua kwa sababu habari isiyopita kwake ilikuwa haijatokea. Nyumba yake haikukosa watu: huyu kaja kuomba chumvi, yule kaja kuambiwa kwa nini fulani hasemi na fulani. Lakini kamati haikukaa pasipo mwenyekiti kuiita, na mwenyekiti alikuwa mwenye fahali. Utamshtaki kwa nani? Ndiyo maana akaamua kwenda kumfumania, na kwa kuwa kufumania peke yako hakuna utamu wala shahidi, akamchukua Mwanasha.

Walijibanza nyuma ya migomba ya Bramwel wakati majogoo walipoanza kubishana. Umande uliwalowesha mpaka magotini.

"Akituachilia fahali?" Mwanasha akanong'ona.

"Nyamaza. Anakuja."

Bramwel alikuja peke yake. Hakuwa na mtoto, hakuwa na kinu wala mtwango. Alikuwa na mzigo begani, akaubwaga mbele ya Disii, na Mideva akanyoosha shingo mpaka ikalia. Ilikuwa mirambo ya viazi vitamu, mashina na majani yake. Mirambo ile ile ambayo kila mbuzi wa Shinyalu anakulanga. Fahali akatafuna, na Bramwel akamkuna kipajini akimwimbia kwa sauti nyembamba ambayo hakuna aliyejua kama anayo: "Mwamba wangu, mzito wangu, nani atasimama mbele yako..."

Mwanasha akapiga chafya.

"Nani huyo!" Fimbo ikainuka. "Aka! Wanawake! Wanawake zizini kwangu, na pambano liko mlangoni! Mmetumwa na nani? Semeni! Mmetumwa na watu wa Khayega!"

"Tumetumwa na watoto wetu," Mideva akasema, akijitoa kwenye migomba na jani kichwani. "Wako wapi?"

"Watoto gani?"

"Wanaokutwangia dawa."

"Dawa ipi?" Bramwel akatazama mirambo, akawatazama wao, na uso wake ukafanya kama wa mtu aliyevuliwa kofia kanisani. "Hakuna mtoto aliyewahi kukanyaga hapa. Hata mmoja."

"Na jana kwenye ua kwa nini hukusema?"

Bramwel akakuna sikio. Akakuna lingine.

"Shemeji," akasema polepole, "dunia nzima inasema Disii analishwa na darasa zima la watu waliosoma. Kule Khayega kuna mtu tayari ameanza kusema fahali wake ana kikohozi, hataweza kuja. Sasa nikanushe? Mtu anakanusha sifa?"

Mideva alitaka kumtandika na ule mgomba. Lakini swali likamtangulia. "Kama si kwako, wanaenda wapi?"

"Si kwa mwalimu? Wanapitanga hapa chini kila alfajiri kuelekea msituni. Mwalimu aliniomba ruhusa kama mwenyekiti, kwamba atawafundisha mapema kwa ajili ya mtihani. Nikasema vizuri, afundishe."

"Msituni kuna ubao?"

Bramwel akageuka kutazama bondeni. Na kama ulioitwa na swali lenyewe, msururu wa vichwa vidogo ukapita huko katika ukungu, vikapu mgongoni, kimya kama maziko. Mideva alimtambua Navalayo kwa jinsi anavyotupa mguu wa kushoto.

Waliwafuata. Njia ilivuka kijito, ikapanda, ikazunguka ua mrefu wa mabua ambao watu wote walijua ni kitalu cha miti ya shule, kwa kuwa ndivyo Mwalimu Phineas alivyosema. Bramwel akatenganisha mabua mawili. Ndani hakukuwa na kitalu. Kulikuwa na mistari ya vichaka vya kijani, vimekatwa sawasawa, kimo cha kifua, kama vichwa vya maaskari. Watoto walikuwa wakitembea katikati, wakichuna ncha za majani na kuzitupa vikapuni, na maji ya majani yakiwapaka vidole. Mwishoni mwa mstari, juu ya kiti cha shule, alikaa Mwalimu Phineas. Tai ilikuwa shingoni.

"Ni mboga?" Mwanasha akanong'ona.

"Ni majani chai," Bramwel akasema. "Niliyaona nilipokuwa kibarua wa wazungu kule Nandi. Lakini mimi nilikuwa wa kupasua kuni, sikuchuna hata siku moja."

Hapo Mideva akaelewa jinsi walivyokuwa wajinga wote pamoja. Chai ilikuwa mmea wa juzijuzi kwao. Kabla ya Uhuru ilikuwa ya mzungu, mtu mweusi aliijulia kikombeni. Katika soko zima hapakuwa na mama mmoja aliyejua kwamba jani lile linatia vidole weusi. Walichojua kilikuwa fahali. Kwa hiyo waliona fahali.

Hawakuingia. Mideva alitaka kuingia, lakini Bramwel akamshika mkono. "Ukimvamia hapa ni wewe na yeye. Ngoja iwe ni kamati na yeye."

Mideva akamtazama kwa jicho la pembeni. Ushauri ulikuwa mzuri, lakini je, haukuwa pia ushauri wa mtu anayetaka kumpa mwenzake nafasi ya kujipanga? Walikuwa wanakunywa chai pamoja hao wawili. Sasa akajiuliza ni chai ya nani.

Habari aliyopewa Mwanasha haihitaji tarumbeta. Alasiri ile darasa lilijaa wazazi, wengine madirishani, watoto wa darasa la mwisho wamekalishwa mbele. Mwalimu Phineas aliwaacha watu wapige kelele mpaka wachoke, kisha akasimama, akanyoosha tai.

"Wazazi wangu wapendwa," akaanza. "Serikali inasema turudi mashambani. Leo nimewapeleka watoto somo la kilimo. Leo. Kama ni kosa, naomba radhi."

"Leo tu?" Mideva akaruka. "Na vidole vya muhula mzima?"

"Mama Navalayo, mimi ni mgeni wenu, natoka Navakholo. Mambo ya huku siyajui." Akageuza macho taratibu kuelekea meza ya mwenyekiti. "Lakini sokoni nasikia kuna fahali. Nasikia anatwangiwa dawa. Mimi kama mwalimu ningefanya nini, ikiwa mwenyekiti wa wazazi mwenyewe ndiye anayewachosha watoto? Nilinyamaza kwa heshima."

Darasa likavuma. Vichwa vikageuka, maana hiyo ndiyo hadithi waliyokuwa nayo tangu zamani, imezoeleka mdomoni kama kigoda cha babu matakoni.

"Waulize watoto!" Mwanasha akapaza sauti.

Lakini watoto walitazama miguu yao. Navalayo alimwangalia mwalimu, akamwangalia mama yake, akarudi kwenye miguu yake. Mideva akaona, na akaelewa kilichowafunga. Majina hayajapelekwa bado. Kalamu iko mkononi mwa yule.

"Na niseme jambo moja," mwalimu akaongeza kwa upole ule ule. "Kama hamnitaki, nitaomba uhamisho. Kesho. Mtawatafutia watoto mwalimu mwingine kabla ya mtihani, kama yupo."

Kila mtu alijua hayupo. Siku hizo mwalimu aliyehitimu aligombaniwa kama maji ya kiangazi.

Sasa macho yote yalikuwa kwa Bramwel, na Bramwel alikuwa akitazama nje kupitia dirishani. Pale nje walisimama vijana wawili wageni wa kofia za nyasi, waliofika, bila shaka, kusikia habari za fahali na kuzirudisha Khayega. Mideva akamwona akiwaona. Akajua anachopima. Akinyamaza, mwalimu amepona na Disii anaendelea kuogopwa. Akisema, wataondoka na ukweli, na mwenye kikohozi atapata nafuu leo leo.

Atanyamaza, Mideva akawaza. Tayari alikuwa anatafuta tusi la kumtupia.

Bramwel akasimama. Alikohoa.

"Fahali wangu," akasema, "anakula mirambo ya viazi vitamu."

"Sauti!" wakaita madirishani.

"Mirambo ya viazi!" akanguruma. "Hakuna dawa! Hakuna babu aliyenionyesha kitu! Babu yangu alikuwa anafuga kuku! Hata pombe hanywi, inamharisha. Mtoto wa mtu hajakanyaga zizi langu, na aliyesema nilimtwangisha dawa alisema uongo, na mimi niliyenyamaza nilikuwa mjinga. Sasa mmesikia. Nendeni mkaseme."

Kicheko kilichozuka kiliwashtua njiwa wa paa. Wale vijana wa kofia walishaondoka mbio. "Disii wa viazi!" mtu akaita, na jina hilo, Mideva alijua papo hapo, lingemfuata mpaka kaburini.

Lakini kicheko kilipokwisha kilimwacha Mwalimu Phineas peke yake, bila fahali wa kujificha nyuma yake.

"Mwarimu," mzee mmoja akasema kutoka nyuma, "sasa hivyo vidore ni vya nini?"

Navalayo akasimama. Akamgeukia yule mzee kama babu yake, na sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka.

"Ni vya chai yake, kuka. Tangu tufungue shule. Alisema atakayesema nyumbani hatafanya mtihani."

Basi wengine nao wakafunguka, mmoja juu ya mwingine. Sulemani alieleza, akilia, jinsi ya kuchuna majani mawili na chipukizi, na jinsi unavyorudishwa ukichuna matatu.

Kamati iliamua palepale, mwenyekiti akipiga meza. Majina ya watoto wote yaende, hakuna kukatwa msinziaji. Aliyewanyima usingizi anajulikana. Kila asubuhi wazazi wawili wakae shuleni mpaka kengele. Mwalimu abaki afundishe, na chai yake aichune yeye na ndugu zake. Mtoto mmoja akikosa mtihani, kamati nzima itatembea mpaka ofisi ya elimu Kakamega, na Mideva ataongea. Hilo la mwisho lilimfanya mwalimu afumbe macho kidogo.

"Nimekubali," alisema. Alisema upesi mno. Mideva hakupenda ule upesi.

Jioni nyumba yake ilijaa, na nani angekosa? Yakub, mumewe Mwanasha, alikuwa amemchinja jogoo ili kila mtu ale, Mwislamu na asiye Mwislamu. Bramwel aliketi karibu na mlango akitaniwa na kila anayeingia, akijibu kwa miguno. Obusuma, ugali wa huku, ilikuwa imeipuliwa sasa hivi, inatoa moshi. Watu walicheka, lakini Mideva hakuwa na raha. Mwalimu aliyeaibishwa mbele ya wazazi ni nyoka aliyekanyagwa mkia. Atafundisha, ndiyo. Atapeleka majina, ndiyo. Lakini jina la mtoto ni kitu chepesi. Kati ya Shinyalu na Kakamega kuna upepo mwingi.

"Hodi."

Kicheko kikakatika. Mwalimu Phineas alisimama nje ya kizingiti, shati wazi shingoni, tai haipo.

"Mama Navalayo. Nimepita tu kusema kwamba jina la mtoto limo. Na majina ya wengine yamo. Kesho nayapeleka mimi mwenyewe."

"Wewe mwenyewe!" Bramwel akainuka nusu. "Nani amekutuma peke yako?"

"Keti, shemeji," Mideva akasema.

Huenda mwalimu alikuwa amekuja kwa toba. Huenda alikuwa amekuja kuhesabu nani yumo humu na nani wa kulipiza. Hakuna dirisha kifuani mwa mtu. Lakini kwao kulikuwa na jambo moja ambalo hata mtu wa tai hakulivunja: huli obusuma ya nyumba, ukamiminiwa maji na mtoto wa nyumba hiyo, halafu ukamdhuru mtoto huyo. Ukifanya hivyo hakuna tena atakayekufungulia mlango, wala Shinyalu wala Navakholo.

Mwalimu naye alikuwa akiangalia chungu. Alikuwa mtu wa nchi hii, alijua pia kwamba mwanamke uliyemkosea ndiye anayepika, na chungu chaweza kutiwa kitu. Mguu wake mmoja ulibaki nje.

Mideva akainama, akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi wa jogoo, akalila mbele yake, akalitafuna bila haraka, akameza. Kisha akafungua mdomo wazi ili aone.

"Umeona, mwalimu? Haya. Navalayo, mletee maji. Sogeeni, nyinyi, mpeni nafasi hapo katikati, hapo ambapo sote tutamwona. Ingia, baba. Karibu, ule."